Rangi ya Kuzaliwa na Rangi ya Kutiwa: Jibu kwa Muuza Pete wa Moshi

Swali: "Shikamoo mtaalamu. Nina biashara ndogo ya pete na hereni mjini Moshi. Mwezi uliopita nilinunua mawe matatu kwa mtu mmoja: tanzanite ya karati mbili na nusu, rubi ya karati nne, na jiwe la kijani aliloliita zumaridi. Fundi wangu alipokuwa akichomelea vishikizo vya pete ya rubi, jiwe lilijaa michirizi myeupe na wekundu wake ukafifia. Sasa nayaogopa hata hayo mawili yaliyobaki. Nitajuaje, kabla sijatoa fedha, kwamba rangi ya jiwe ni yake na si ya kutiwa na binadamu?"

Jibu:

Marahaba, na pole kwa hasara. Kabla ya yote naomba umwondolee fundi wako lawama, au angalau umpunguzie. Rubi ni korundi, madini ambayo huyeyuka kwenye joto linalopita nyuzi 2,000 za Selsiasi, na mafundi sonara wa zamani walizoea kukarabati pete ya rubi bila hata kulitoa jiwe. Kilichoharibika mbele ya moto wa fundi wako, kwa jinsi unavyoeleza, si rubi yenyewe bali ni kioo kilichokuwa kimejazwa ndani ya nyufa zake. Ulinunua rubi ya kweli, lakini iliyo duni kiasi kwamba bila kioo hicho hakuna ambaye angeiweka kwenye pete.

Wanunuzi wengi huuliza swali moja tu, "Ni orijino?", na muuzaji hujibu ndiyo bila kusema uongo, kwa maana jiwe lako lilikuwa rubi kweli. Swali lenye faida ni jingine: rangi hii inakaa wapi? Imo mwilini mwote mwa jiwe, imo kwenye nyufa peke yake, au imelala juu ya ngozi? Rangi iliyokaa kwenye nyufa au kwenye ngozi unaweza kuiona mwenyewe ukiwa na lupu (kioo kidogo cha kukuzia) na subira. Rangi iliyobadilishwa mwilini mwote, kwa joto au kwa mionzi, mara nyingi haionekani kwa kifaa chochote cha mkononi, na mtu anayejisifu kwamba huitambua kwa macho anakupotezea muda. Nitakujibu kwa kufuata mawe yako matatu, kwani kwa bahati yanagusa karibu kila upande wa jambo hili.

Vifaa vyenyewe si vingi: lupu ya kukuza mara 10, kibano, tochi ndogo yenye mwanga mweupe mkali, kitambaa laini, glasi safi na mafuta ya kupikia yasiyo na rangi. Lifute jiwe kwanza, kwa sababu mafuta ya vidole huficha mengi. Lupu ishikwe karibu kabisa na jicho, kisha jiwe ndilo lisogezwe hadi lionekane vizuri. Nimewaona watu walio kwenye biashara miaka mingi wakiishika lupu mbali kama wanasoma gazeti, na hawaoni kitu. Mwanga usitoke mbele. Uelekeze kutoka ubavuni, ili yaliyomo ndani ya jiwe yang'ae huku sehemu nyingine ikibaki na giza.

Tuanze na rubi. Mwaka 2004 maabara za vito, kwanza za Japani na kisha za nchi nyingine, zilianza kutoa tahadhari juu ya rubi zilizojazwa kioo chenye madini ya risasi. Malighafi ya mwanzo ilitoka Andilamena nchini Madagaska, na baada ya machimbo ya Montepuez kugunduliwa nchini Msumbiji mwaka 2009, mawe duni ya huko nayo yakaingia katika kazi hiyo. Korundi yenye nyufa nyingi, ambayo kwa macho ni kama kokoto la waridi lililofifia, husafishwa kwa tindikali ili uchafu utoke ndani ya nyufa, kisha huchomwa pamoja na unga wa kioo chenye risasi. Kioo huyeyuka na kupenya kila penye nafasi. Kwa kuwa kioo cha aina hiyo huupinda mwanga karibu sawa na rubi, nyufa hupotea machoni, weupe wake huondoka, na wekundu uliokuwa umefichwa na weupe huo hujitokeza. Wakati mwingine kioo chenyewe hutiwa rangi, na hapo mnunuzi hudanganywa mara mbili.

Chukua sasa jiwe lako lililoharibika na ulitazame kwa lupu. Ligeuze polepole, nyuzi chache kwa wakati, huku mwanga ukitoka ubavuni. Mahali ambapo kioo bado kipo utaona mmweko wa buluu, mara nyingine wa zambarau au wa chungwa, unaopita kando ya ufa kama mng'ao wa bawa la nzi, ukitokea na kutoweka kadiri unavyoligeuza jiwe. Rubi nyekundu haina sababu ya kumweka buluu ndani yake, hivyo dalili hiyo peke yake inatosha kukurudishia fedha mfukoni. Tazama pia viputo vya hewa, vingine mviringo na vingine vimebanwa na kuwa bapa kama chapati, vilivyonaswa ndani ya ufa. Mwisho, liinamishe jiwe hadi mwanga wa dirishani uakisiwe kwenye uso wake wa juu, halafu utafute mistari iliyopooza. Kioo ni laini kuliko korundi na hakipati mng'aro uleule, kwa hiyo ufa uliojazwa huonekana kama mkwaruzo mwembamba ambao kitambaa hakiufuti.

Kioo hicho hakivumilii tindikali. Maji ya tindikali ambayo mafundi hutumia kusafishia dhahabu huila haraka, na hata maji ya limau, yakiachwa juu ya jiwe kwa muda, huweza kuchora nyufa nyeupe juu yake. Mteja wako akivaa pete ya namna hiyo huku akikamulia ndimu kwenye samaki kila siku, ataiona ikibadilika bila kujua sababu, na atakuja kukulaumu wewe.

Jiwe la kijani sijaliona, kwa hiyo nitakueleza uwezekano wa aina mbili ninaokutana nao mara nyingi. Wa kwanza ni kwamba si zumaridi kabisa, bali ni kwatsi (quartz) isiyo na rangi iliyopashwa moto na kutumbukizwa ghafla kwenye kimiminika baridi, ikapasuka ndani kama utando wa buibui, na rangi ya kijani ikanywewa na nyufa hizo. Ukiitazama kwa lupu hutabaki na shaka: ukijani umeshika kwenye nyufa, na kati ya ufa na ufa jiwe ni jeupe kama maji. Iweke juu ya karatasi nyeupe ndani ya glasi ya mafuta ya kupikia, na utando wote utaonekana hata bila lupu. Mwenye kifaa cha kupimia jinsi jiwe linavyopinda mwanga atapata jibu la kuthibitisha hilo kwa dakika moja, kwani kwatsi husoma kati ya 1.54 na 1.55, ilhali zumaridi husoma takriban 1.57 hadi 1.59.

Uwezekano wa pili ni kwamba ni zumaridi kweli lakini imetiwa mafuta. Hapa ni lazima nitofautishe, maana watu huchanganya. Zumaridi karibu zote zina nyufa, na desturi ya kuzitia mafuta yasiyo na rangi ili nyufa zisionekane ni ya kale na inakubalika sokoni mradi isemwe. Mafuta ya kijani ni jambo jingine, kwa kuwa hayafichi nyufa tu bali huongeza rangi ambayo jiwe halina. Dalili yake ni kijani kilichokolea kikifuata njia ya ufa, hasa pale ufa unapofika juu ya uso, huku mwili wa jiwe ukiwa umepauka. Ile tochi ya miale ya zambarau inayotumiwa kukagulia noti inaweza kusaidia, kwa sababu baadhi ya mafuta hutoa mwanga wa manjano au mweupe uliofifia ndani ya ufa, ingawa kutotoa mwanga hakuthibitishi kwamba mafuta hayamo.

Unaweza kusikia ushauri wa kusugua jiwe kwa pamba iliyolowekwa asetoni, ile ya kuondolea rangi ya kucha. Kwa shanga na mawe ya bei ndogo yaliyopakwa rangi ni kipimo kizuri: ukisugua mahali palipofichika na pamba ikageuka nyekundu au kijani, mazungumzo yamekwisha. Lakini pamba ikibaki nyeupe usishangilie, kwani wachovyaji wengi hufunika rangi kwa nta au gundi isiyoyeyuka. Na kwenye zumaridi usithubutu bila ruhusa ya mwenye mali, kwa kuwa asetoni huvuta mafuta nje, ukajikuta unamrudishia mtu jiwe lenye nyufa ambazo hakuwa akiziona asubuhi.

Wako pia watakaokupa kile kioo cha kijani kiitwacho chujio la Chelsea, kilichotengenezwa Uingereza mwaka 1934, wakikuambia kwamba zumaridi ya kweli huonekana nyekundu ndani yake. Zipo zumaridi halali ambazo hubaki kijani, hasa zenye madini ya chuma mengi, na zipo rangi za kutiwa ambazo huonekana nyekundu. Chujio hilo lina kazi yake, kwa mfano kuumbua baadhi ya vioo vya buluu vilivyotiwa metali ya kobalti, lakini mimi singelitumia kuamua bei ya zumaridi.

Sasa nije kwenye tanzanite, ambayo bila shaka ndiyo unayouza zaidi kwa kuwa Mererani ni jirani yako. Buluu unayoiona kwenye karibu kila tanzanite dukani imetokana na moto, na hilo si kosa. Jiwe hili ni aina ya madini yaitwayo zoisiti, yenye chembe za metali ya vanadi. Liligunduliwa Mererani mwaka 1967, na Tiffany, wauza vito wa New York, ndio waliolipa jina la tanzanite mwaka uliofuata. Sehemu kubwa ya mawe hutoka ardhini yakiwa na rangi ya kahawia au ya kahawia iliyochanganyika na kijani. Yakichomwa polepole katika tanuru dogo hadi nyuzi 500 au 600 hivi, ukahawia huondoka na buluu pamoja na urujuani hubaki, wala rangi hiyo hairudi nyuma kwa jua wala kwa miaka.

Tanzanite ambayo haijachomwa huonyesha rangi tatu kulingana na upande unaoitazama: buluu, urujuani, na ya tatu ambayo huwa kahawia, manjano au kijani cha manjano. Iliyochomwa hubaki na mbili za kwanza. Kifaa maalumu cha kuzitenganisha rangi hizi kipo, lakini hata miwani ya jua ya polaroidi (ile inayokata mng'aro) hutosha: shika kioo kimoja cha miwani kati ya jicho na jiwe, ukizungushe taratibu kama unafungua kifuniko, na utaona rangi ikibadilika kutoka moja hadi nyingine. Rudia kwa kulitazama jiwe kutoka juu, kutoka ubavuni na kutoka ncha hadi ncha. Ukiipata ile rangi ya tatu, jiwe halijapata moto wa kutosha au halijaguswa kabisa. Usipoipata, huwezi kusema kwa hakika kwamba binadamu ndiye aliyelichoma, kwa sababu yapo machache ambayo joto la ardhi lenyewe limeshayafanyia kazi hiyo. Ndiyo maana muuzaji anayekudai nyongeza kwa "tanzanite ambayo haijachomwa" inayoonyesha buluu na urujuani tu, hana namna ya kukuthibitishia.

Kinachostahili hofu kwenye tanzanite ni upakaji. Mwaka 2008 maabara za Marekani ziliripoti tanzanite zilizopauka ambazo zilikuwa zimepakwa utando mwembamba sana wenye kobalti, zikaonekana buluu ya gharama kubwa. Rangi hiyo imelala juu ya ngozi, na ngozi huchubuka. Tazama kingo, yaani mistari ambako uso mmoja uliokatwa hukutana na mwingine, hasa upande wa chini na kwenye kiuno cha jiwe, yaani ukingo wake mpana wa katikati. Ikiwa mistari hiyo imepauka kuliko nyuso zenyewe, mithili ya pindo la suruali ya jinzi lililochakaa, basi utando umeanza kulika. Kisha liinamishe jiwe chini ya taa hadi uso mmoja uakisi mwanga wote. Rangi za upinde wa mvua zinazoelea juu yake, kama za mafuta ya gari juu ya dimbwi, hazitokani na jiwe. Likiwa ndani ya glasi ya maji au mafuta juu ya kitu cheupe chenye mwanga (mimi hutumia kioo cha simu kilichowashwa cheupe chini ya glasi) mikwaruzo na sehemu zilizobanduka huonekana wazi zaidi. Tanzanite yako ya karati mbili na nusu ifanyie hivyo leo jioni. Iwapo kingo zake zina rangi sawa na nyuso, nafasi kubwa ni kwamba imechomwa tu kama wenzake, na hapo huna sababu ya kuipunguzia bei.

Glasi hiyohiyo ya mafuta ndiyo iliyonifundisha somo langu la gharama kubwa. Nikiwa bado mgeni katika kazi nilinunua kwa broka mmoja, ambaye simtaji, safaya saba (safaya nayo ni korundi kama rubi) za rangi ya chungwa yenye waridi, akiniapia kwamba ni za Songea. Hakusema uongo juu ya asili yake. Zilichimbwa Songea kweli, lakini zilikuwa zimesafiri hadi Thailand na kurudi, na huko zilivishwa rangi ambayo ardhi ya Ruvuma haikuwa imezipa. Nilipozizamisha kwenye mafuta usiku ule, nilishangaa kuona tano kati yake zina moyo wa waridi uliozungukwa na ukingo wa chungwa, na ukingo huo ulifuata umbo la jiwe lilivyokatwa, kona kwa kona. Rangi ya asili hujipanga kwa kufuata jinsi fuwele (umbo la asili la madini) ilivyokua ardhini, yaani kwa mistari iliyonyooka au yenye pembe, na haina habari na mkataji atakayekuja baada ya mamilioni ya miaka. Rangi inayofuata umbo la mkato imeingia kutoka nje.

Nilichokuwa nimekinunua ni kile kilichowatikisa wafanyabiashara wa dunia nzima mwishoni mwa 2001 na mwanzoni mwa 2002, pale safaya za chungwa zilipomiminika kutoka mji wa Chanthaburi, Thailand, kwa wingi usio wa kawaida. Malighafi ilikuwa ya Ilakaka nchini Madagaska na ya Songea kwetu. Wachomaji walikuwa wakiweka madini ya krisoberili ndani ya vyungu vya kuchomea, na kwenye joto la karibu nyuzi 1,800 chembe za berili (metali nyepesi) zilitoka kwenye madini hayo na kuzama ndani ya safaya. Berili ni chembe ndogo sana, hivyo haiishii kwenye ngozi. Ikipewa muda hupenya hadi katikati, na hapo hata ule ukingo niliouona hupotea. Kiasi chake ndani ya jiwe hupimwa kwa sehemu chache tu katika milioni. Hakuna lupu, tochi wala mafuta yatakayokuonyesha. Maabara hupiga jiwe kwa leza, ikageuza mvuke nukta isiyoonekana kwa macho, na kupima kilichomo. Mawili kati ya yale saba hadi leo siwezi kuyasemea.

Ipo aina ya zamani kidogo ya upenyezaji, ile ya kuingiza metali ya titani kwenye safaya iliyopauka ili iwe buluu, nayo ni rahisi zaidi kuitambua. Titani hupenya kwa shida, kwa kawaida haizidi nusu milimita. Ukiizamisha safaya hiyo kwenye mafuta, kingo za mkato huonekana zimechorwa kwa wino mzito na katikati pamepauka, kinyume kabisa cha tanzanite iliyopakwa ambayo kingo zake ndizo zinazopauka. Mkataji akiinoa upya kidogo, buluu huondoka na maji ya kunolea.

Kuchoma rubi na safaya bila kuongeza kitu chochote kumezoeleka kiasi kwamba mimi huanza kwa kudhani kila jiwe limechomwa, kisha natafuta sababu ya kubadili mawazo. Ndani ya mawe mengi ya jamii hii zimo sindano nyembamba za madini ya rutili ambazo wenye kazi huziita hariri. Zikionekana nzima, ndefu na kali, zimepishana kwa pembe za nyuzi 60, ni dalili njema kwamba moto mkali haukupita. Zikiwa zimekatikakatika na kuwa nukta zilizojipanga mstari, kama mishono iliyofumuka, moto umepita. Vivyo hivyo, chembe ndogo ya madini ndani ya jiwe inapopashwa joto hutanuka kuliko jiwe lenyewe na kuacha ufa wa duara unaoizunguka kama sahani. Kuzisoma dalili hizi kunahitaji kutazama mamia ya mawe kabla macho hayajazoea, na sitaki nikudanganye kwamba utaliweza jambo hilo kwa kusoma jibu hili.

Kuhusu rangi zisizogundulika nitakuwa mfupi. Topazi ya buluu iliyokolea inayouzwa madukani ni topazi nyeupe iliyopigwa mionzi kisha ikachomwa. Usitafute dalili, chukulia hivyo. Sitrini nyingi ni amethisti iliyochomwa. Akwamarini ya buluu safi mara nyingi ilikuwa na ukijani ulioondolewa kwa joto dogo. Kwenye mawe haya soko limeshaweka bei kwa kujua hivyo, na wewe huna haja ya kukosa usingizi. Kwa upande mwingine, tsavorite, ile ganeti ya kijani ya Tanzania na Kenya, kwa kawaida haichomwi wala haitiwi chochote, na ndiyo maana mimi huwashauri wanaoanza biashara wajifunzie macho yao juu yake.

Na tusidhani kwamba mambo haya ni ya viwanda vya leo. Shanga za akiki nyekundu zilizoletwa na majahazi kutoka Khambhat kule Gujarati nchini India, zile ambazo wachimbaji wa mambo ya kale huzikuta katika magofu ya pwani yetu, zilipata wekundu wake kwa kuokwa kwenye vyungu kabla ya kutobolewa. Wanunuzi wa Kilwa walivaa mawe ya moto karne nyingi kabla ya tanuru la kwanza kuwashwa Arusha.

Jambo lililobaki ni karatasi. Ukipewa cheti cha maabara, soma neno kwa neno. Maabara inayojiheshimu haiandiki kwamba jiwe halijachomwa, bali huandika kwamba haikuona dalili za kuchomwa, na tofauti hiyo ni ya kweli. Linganisha uzito na vipimo vya milimita vilivyoandikwa na jiwe lililo mkononi, kwa kuwa cheti halali huweza kusafiri na jiwe lisilo lake. Kwenye pakiti zinazotoka Marekani utakutana na herufi za chama chao cha wafanyabiashara wa vito: H ni kuchomwa, O ni kutiwa mafuta, F ni kujazwa, C ni kupakwa, D ni kutiwa rangi, R ni mionzi, na U ni ile ya kupenyeza madini. Kwa jiwe la bei kubwa la jamii ya safaya yenye chungwa, manjano au waridi, gharama ya kulipeleka kwenye maabara yenye kipimo cha leza, kama ile ya taasisi ya vito ya GIA iliyoko Bangkok au maabara ya SSEF ya Basel, Uswisi, iingizwe kwenye bei kabla ya kukubaliana. Kama bei ya jiwe haiwezi kuibeba gharama hiyo, lipange bei kama lililotiwa berili. Kwa mawe ya kawaida anzia karibu: Kituo cha Jemolojia Tanzania kilichopo Arusha ndicho kinachofundisha vijana utambuzi na ukataji wa vito, na siku mbili tatu ukiwa na mtu mwenye darubini zitakufaa kuliko mwaka mzima wa kubahatisha.

Siku nyingine ukinunua, usimwulize muuzaji kama jiwe ni orijino. Mwulize limefanyiwa nini, kisha mwombe aandike jibu lake kwenye risiti kwa maneno yake mwenyewe: limechomwa, limejazwa kioo, limetiwa mafuta, au halijaguswa. Wengi waliokuwa na kiapo mdomoni huanza kutafuta maneno mara tu kalamu inapoingia. Mwambie pia fundi wako kwamba kuanzia sasa kila rubi na kila zumaridi itolewe kwenye pete kabla ya moto, na isiingizwe kwenye tindikali wala kwenye mashine ya kusafishia kwa mitetemo, hadi mmoja wenu aitazame kwa lupu.

Ile rubi usiitupe, na usiiuze bila kumwambia mnunuzi ilivyo. Iweke kwenye kikasha kidogo mezani pako. Upande mmoja una nyufa nyeupe zilizofunguka, na upande mwingine yaelekea bado una kioo na mmweko wake wa buluu. Mtu akija na rubi ya bei nafuu, toa ile yako kwanza, itazame kwa dakika moja ili jicho likumbuke, halafu ndipo utazame ya kwake.